Mchuuzi wa Samaki Ukutani Kwetu

Postikadi za zamani zina harufu yake. Si vumbi tu. Kuna gundi ya stempu ndani yake, kuna unyevu wa kabati lililokaa miaka bila kufunguliwa, na nyuma kabisa kuna kitu kama chai iliyosahauliwa kikombeni. Juzi nilifungua boksi la namna hiyo kwenye duka moja la mitumba hapa Toronto, na kabla sijatazama hata picha moja nikajikuta nina miaka kumi, nimesimama mbele ya meza ya Bwana Murdo, muuza postikadi za Uskoti, najitahidi kuonekana kama mtu asiyetaka kununua kitu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila Jumamosi: kutotaka.

Mnaweza kuuliza mtoto wa Bukavu, Kongo, alitafuta nini kwenye picha za Uskoti. Mama naye aliuliza, tena zaidi ya mara moja. Tulikaa North York, ghorofa ya tisa, katika nyumba yenye kuta nyeupe kama shuka za hospitali. Papa alifanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate. Mama alihudumia wazee wa watu huko Richmond Hill, akiwaogesha na kuwalisha. Ukutani tulikuwa na saa na kalenda ya kanisa, basi. Nikienda kwa marafiki zangu wa shule nilikuta kuta zimejaa mababu: babu na gari lake, nyanya na mbwa wake, shangazi fulani ambaye hakuna aliyempenda lakini naye kapewa fremu. Sisi tulitoka kwetu kwa namna ambayo mtu hachagui cha kubeba. Mama alinibeba mimi na sufuria, na mpaka leo hajaniambia nani alishikwa kwanza. Picha zilibaki. Kwa akili yangu ya miaka kumi jambo lilikuwa jepesi: kisichokuwapo nyumbani hununuliwa sokoni.

Soko lenyewe lilikuwa ndani ya jengo refu lililowahi kuwa kiwanda, lenye meza za sahani, saa mbovu, wanasesere wasio na macho. Papa alinisindikiza kwa sababu Mama alikataa niende peke yangu. Alisimama nyuma yangu mikono mfukoni, akisinzia wima kama wanavyojua kusinzia watu wa zamu ya usiku. Na Waskoti, niseme ukweli, sikuwachagua kwa mapenzi. Walikuwa bei ya chini. Picha za Toronto ya zamani ziligombaniwa na wazee wenye miwani minene, na za treni hazikushikika kabisa. Lakini Bwana Murdo, aliyezaliwa Uskoti akaja huku kijana, alikuwa na boksi zima la nchi yake ambalo hakuna aliyelitaka, pengine hata yeye mwenyewe.

Sasa watu wa ndani ya lile boksi! Kulikuwa na wanaume wenye ndevu na sketi za mistari wakirusha gogo la mti, na wenzao wamesimama kando wakitazama kwa makini kabisa, kana kwamba gogo likianguka vizuri kuna tatizo litakuwa limekwisha. Kulikuwa na ng'ombe mwenye nywele zilizomfunika macho. Kulikuwa na nyumba ya mawe yenye paa la nyasi, paa limefungwa kwa kamba zilizoning'inizwa mawe ili upepo usiondoke nalo. Wasichana waliopasua samaki, vidole vyote vimefungwa vitambaa, wanacheka. Na moja niliyoipenda kuliko zote: harusi, watu wote wamekaza nyuso kama wako mahakamani, na katikati yao, kwenye kiti chake mwenyewe, mbwa.

Lakini kilichonishika hasa ni watoto wa shule moja, wamepangwa mstari mbele ya ukuta, hawana viatu. Wazungu, hawana viatu. Niliigeuza kadi nitazame nyuma kama kuna maelezo. Mtu aliandika kwamba mvua haijakatika na kwamba paka asipewe maziwa. Hilo halikunisaidia.

Papa aliniona nyumbani nikizipanga kadi kwenye albamu akasema, "Weye mutoto, sisi tumeacha wafu wetu kule, weye unanunua wafu wa watu." Hakukasirika. Alikuwa anataja jambo tu, kama mtu anayetaja kwamba nje kuna theluji. Mama alikuwa mkali zaidi. Hakutaka watu asiowajua walale chumba kimoja na mwanawe, na kwa kuwa nililia, tulikubaliana: aliiombea ile albamu, mkono juu yake, maombi marefu ya kutosha watu wote waliokuwamo na mbwa wao, kisha nikaruhusiwa kuiweka chini ya kitanda.

Kununua kwa Bwana Murdo kulikuwa na utaratibu. Ukitaka kadi, unaitazama mwisho. Kwanza unashika nyingine tatu usizozitaka, unaguna, unauliza hii imechanika wapi. Ndipo unaigusa ile yako kwa kidole kimoja, kama nzi aliyekufa, na kuuliza bei yake kwa huruma. Yeye alijua. Mimi nilijua kwamba anajua. Alinywa chai yake ya kwenye chupa, akataja bei, nikacheka, akashusha, nikaanza kuondoka, akaniita. Kisha tulihesabu, yeye mara moja, mimi mara mbili, maana Mama alinifundisha kuhesabu chenji mezani na kuihesabu tena mlangoni, eti mezani macho yana aibu.

"Wewe ukikua," aliniambia siku moja, "mimi nitakuwa nimefilisika."

"Basi niuzie sasa hivi, kabla hujafilisika," nikamjibu.

Alikuwa mtu wa aina hiyo, wa kucheka bila kufungua mdomo.

Basi Jumamosi moja ya mvua Bwana Murdo alileta bahasha mpya. Hizi hazikuwa postikadi bali picha zenyewe, kubwa kama daftari, zilizopigwa zamani sana kwenye kijiji cha wavuvi karibu na Edinburgh. Nilizipitia haraka na kuzirudisha, kwa sababu bei yake haikuwa ya mtu wa umri wangu. Nilipofika kwenye za ng'ombe, nikageuka nyuma. Papa hakuwa anasinzia tena. Alikuwa ameshika moja ya zile picha kubwa kwa mikono miwili.

Ilikuwa picha ya mwanamke anayepanda njia ya mawe, amepigwa kwa nyuma na ubavuni. Mgongoni ana kikapu kikubwa cha samaki, na kikapu chenyewe kimeshikwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso wake. Kichwa kimeinama. Shingo imekaza. Uso hauonekani, kuna ncha ya pua tu, na sketi zake nzito zimepandishwa ili zisimkwaze. Nyie mliotoka Kivu sina haja ya kuwaeleza. Wengine mjue hivi: kwetu akina mama hupandisha milima namna hiyo hiyo, mkanda kwenye paji, unga au mkaa au mihogo mgongoni, wakienda sokoni.

"Papa, rudisha," nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Bwana Murdo alikuwa ameshaona, nami nilikuwa nimeshamwona akiona. Mteja akishika kitu namna ile, bei hupanda yenyewe bila kusukumwa.

"Ngoja kidogo."

"Papa, anakuangalia."

"Aniangalie."

Bwana Murdo akataja bei. Sikucheka. Ilikuwa bei ya haki kwa picha ya namna ile, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu bei ya haki haina pa kuishika. Papa alitia mkono mfukoni, nami nilijua kilichokuwamo: nauli ya basi, na pesa aliyopewa na Mama ya maharage na mafuta. Aliutoa mkono mtupu. Kisha akaiweka ile picha chini, taratibu, akainyoosha kwa kidole mpaka ikae sawa na ukingo wa meza, akasema, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo. "Twende."

Nimemwona baba yangu amechoka, nimemwona amekasirika. Sikuwa nimewahi kumwona akinyoosha kitu ambacho si chake.

Nilikuwa na albamu yangu ndani ya mfuko, kama kila Jumamosi, ili nisije nikanunua kadi niliyo nayo. Nikaiweka mezani.

Bwana Murdo akaitazama. "Zote?"

"Zote."

"Hata ya mbwa?"

Hapo niliifunua ile ya harusi mara moja, sitaki kuwadanganya. "Hata ya mbwa."

Alizifungua moja moja, akazihesabu. Nikazihesabu na mimi baada yake. Watu nikiwasimulia hapa wananiangalia wakingoja, wanataka Bwana Murdo alainike, anirudishie japo ile ya harusi. Hakurudisha. Aliichukua albamu akaiweka chini ya meza, na ningemdharau kama angefanya vingine, kwa sababu tulikuwa tumepatana. Alichoongeza ni kipande cha kadibodi ili picha isikunjike, na hakunitoza.

Kwenye basi Papa aliipakata picha ile safari nzima. Tulipopita vituo viwili hivi akaanza kusema, akitazama dirishani.

"Mama yangu alikuwa anatangulia, mimi nyuma. Njia ni ndogo, hamuwezi kwenda wawili. Hawezi kugeuka, akigeuka muzigo utamuvuta. Basi anaita: Weye uko? Ninajibu: Niko. Tunaenda kidogo, anaita tena. Siku moja nikanyamaza kusudi, nione atafanya nini."

"Alifanya nini?"

"Alisimama. Na muzigo wote, kwenye ule mulima. Akangoja mpaka nikajibu."

Sikuwahi kumsikia akimtaja mama yake kabla ya siku ile. Nilijua tu kwamba alibaki kule, na kwamba habari zilipokuja zilikuja zimechelewa.

Picha iliwekwa kwenye fremu, ikapigiliwa sebuleni mkabala na saa. Mama aliitazama mikono kiunoni, akaenda jikoni, akarudi, akasema angalau huyu mmoja anafanya kazi. Maombi yake safari hii yalikuwa mafupi.

Wageni ndio waliosumbuka. Kwetu Jumapili watu hupita baada ya ibada, na kila aliyekaa kwenye kochi alimkuta yule mama mbele yake. Mama Esperansi wa ghorofa ya nne aliuliza kwa heshima kama huyo ndiye mfadhili aliyetuleta Kanada.

"Hapana," Papa akasema. "Ni mama."

"Mama wa nani?"

"Wangu."

Mama Esperansi alimtazama Papa, akaitazama picha, akarudi kwa Papa. Mume wake, aliyekuwa anakula, akafuta mdomo. "Basi ndugu yangu," akasema, "hilo jua lililokuchoma weye si jua la kawaida."

Tulicheka mpaka sambusa zikapoa. Papa alicheka kuliko wote. Lakini hakusahihisha alichosema, na hakuna aliyemwomba asahihishe. Toka siku hiyo watu wa kwetu walimwita yule mchuuzi wa samaki Nyanya, na watoto wao waliozaliwa huku, wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, walimsalimia wakipita.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeelewa kilichotokea. Ni ule mkanda, nilisema. Papa aliona mkanda, akakumbuka.

Kisha mwaka huu binamu yangu aliyeko Bukavu akatutumia picha kwa simu. Aliikuta kwa jirani wa zamani: picha ndogo ya kitambulisho, pembe moja imeliwa na mende, na ndani yake mwanamke anayetazama mbele moja kwa moja, macho makubwa, hana tabasamu. Mama yake Papa, mwenyewe. Niliichapisha, nikaikuza kidogo, nikampelekea. Nilitegemea machozi, nilikuwa na kitambaa tayari.

Papa aliiweka kwenye mwanga. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kumkosea mgeni, "Riziki, una hakika ni yeye?"

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa ameshika siku ile sokoni. Uso wa mama yake ulikuwa umeshamtoka kichwani zamani, kabla hata ya kiwanda cha mikate, na hakuwahi kutuambia. Kwenye meza nzima ya Bwana Murdo, iliyojaa nyuso zinazotazama mbele, aliichukua ile moja isiyomdai uso. Mgongo na shingo alikuwa bado anavyo.

Nikamwambia nina hakika. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitazama, na baada ya muda akasema mama yake alikuwa mdogo kumbe, ni mutoto kabisa, mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Tukapigilia msumari wa pili. Sasa wako wawili pale sebuleni, mmoja anapanda na mwingine anatutazama, na asubuhi Papa akinywa chai hukaa mahali anapowaona wote. Mwezi wa kwanza aligeukia zaidi kwa yule anayepanda. Siku hizi anaanza kumzoea huyu mwingine.