Jiko Tulilompimia Mama

Zamu yangu ya kupokea mchango wa chama ilipofika, nilijua pesa zile zingekwenda jikoni. Nyumba yetu ya mtaa wa Barani tuliinunua ikiwa na vyumba vitatu vizuri na jiko lililosahauliwa: sakafu imefanya nyufa, sinki hakuna, maji tunachota uani kwa ndoo, na masika yakiingia, bati linadondosha maji palepale ninapoweka unga. Nilivumilia miaka kumi na mmoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya Mambrui, hurudi Ijumaa na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo wenye jiko hasa tulikuwa wawili, mimi na mama yangu mzazi, ambaye tulimchukua kutoka Mambrui baada ya baba kufariki.

Jumamosi moja mimi na mume wangu tulikaa sebuleni na daftari tukapiga hesabu. Chama na akiba yetu vilifika laki mbili. Tukaandika bati jipya, saruji, mabomba, sinki, vigae, ujira wa fundi. Hadi hapo mambo yalikuwa sawa. Kisha nikaandika meza ya graniti nyeusi na kabati za juu zenye milango ya kung'aa, kama nilivyoona kwa mwalimu mwenzangu, na hesabu ikapita mbali.

"Graniti lazima?" mume wangu akauliza.

"Nimepika kwenye moshi miaka kumi na mmoja."

Hakubishana. Akasema tutaahirisha dari la chumba chetu, nami nikafunga daftari nimefurahi. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na haikunipitia akilini kumwita.

Fundi alitoka kijiji cha Ganda, mtu mzima, mpole, aliyekuwa amewajengea majirani zetu wawili. Alipokuja kupima alimkuta mama yuko jikoni, ameketi juu ya mbuzi yake anakuna nazi.

"Shikamoo, hawe," alimwamkia, kama watu wa kwao wanavyomwita bibi.

"Marahaba, mwanangu. Pima tu, mimi sikuzuii."

Akapima kumzunguka. Mwisho akaniuliza, "Mwalimu, kwenye ramani hii, hawe atakaa wapi?"

"Hatakaa," nikamjibu. "Jiko la sasa watu hupika wamesimama. Na yeye apumzike, amefanya kazi ya kutosha."

Nilisema kwa nia njema. Mama aliendelea kukuna, hakuinua uso. Fundi alinitazama kidogo, akakunja futi yake.

Baada ya siku ile mama aliacha kuingia jikoni. Nikirudi shuleni namkuta barazani na tasbihi yake. Nikimwuliza kama hajambo, anasema hajambo. Nilidhani amekubali kupumzika, na kusema kweli nilijisifu moyoni. Wiki ya pili nilikwenda kwa jirani kuazima sufuria, maana zetu tulishaanza kuzifunga. Jikoni kwake nikaona mbuzi ya nazi ninayoijua, ile ya mti mweusi, yenye ufa ubavuni uliozibwa kwa bati. Mama yangu alikuja nayo kutoka kwao siku alipoolewa.

Jirani aliona ninavyoitazama. "Alinipa mwenyewe. Nilikataa, akasema yeye hana tena mahali pa kuiweka."

Nilirudi nyumbani bila sufuria. Nikaenda kukaa kitandani, nikakumbuka nilivyomjibu fundi mbele ya mama, kama vile hayupo. Jioni nilimpigia simu mume wangu nikamweleza.

"Ulimwuliza anataka nini?" akasema.

"Najua anachotaka. Anataka mahali pake pa kukaa chini, kama alivyozoea."

Kesho yake nikamwita fundi. Nilikuwa nimekata shauri: tupunguze graniti, tujenge kibaraza kifupi cha saruji kwenye pembe ya jiko, cha kimo cha shubiri mbili, mama akae pale na mfereji wake wa maji wa chini. Fundi akakichora sakafuni kwa chaki. Nikahisi aibu yangu imeanza kupungua. Safari hii nilimwita mama aje atazame.

Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akaitazama ile chaki kwa muda.

"Hiki ni nini?"

"Mahali pako, mama. Utakaa hapa, utakuna nazi, utachagua mchele, kama zamani. Na mbuzi yako nitaifuata kwa jirani."

"Iache huko huko," akasema. "Nani kakwambia nataka kukaa chini?"

Nilimgeukia fundi. Naye alijishughulisha na chaki yake.

"Kwetu nilikaa chini kwa sababu viti vilikuwa vya wanaume na wageni," mama akaendelea, sauti yake ya kawaida, haina ugomvi. "Nilipokuja kwako nilikaa chini kwa sababu meza yako ni ndefu kwangu, na nikisimama sana miguu yawaka moto. Magoti haya, mwanangu, hayanyanyuki tena. Ile wiki mlipokuwa na mitihani, nilikaa juu ya mbuzi tangu adhuhuri, nikashindwa kuinuka. Nilikaa mpaka ukarudi. Ukaniambia, mama, bado wakuna tu? Nikakwambia, naam."

Naikumbuka siku ile. Nilimpa mkono kumnyanyua huku nikimsimulia habari za shule, na nikadhani anajiegemeza kwangu kwa mapenzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenikataza jikoni. Na kweli, umenikataza hata bila kuambiwa."

Fundi akaiweka chaki yake chini. "Hawe, basi tuambie sisi. Wataka nini?"

"Kiti chenye mgongo. Na meza ya kunifika nikiwa nimeketi. Na nitazame mlangoni, nimwone anayeingia."

Fundi akaleta kiti kutoka sebuleni, akamketisha mama katikati ya jiko lile bovu, akamwambia akunje mkono kana kwamba anakata kitunguu. Akapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha akapima magoti, ili chini ya meza pabaki wazi miguu ipite. Alipima mara mbili na kuandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Mama alikaa wima kama anayepigwa picha. Sikuwa nimemwona na uso ule siku nyingi.

Ijumaa mume wangu aliporudi tulifungua daftari upya, watatu safari hii. Graniti ilitoka, tukaweka zege lililosuguliwa laini. Kabati za juu zilitoka pia, nazo kwa maneno ya mama, aliyeuliza ni nani atakayezifikia. Fundi alikuwa ameshatuonya kwamba mbao zile zilizoshindiliwa kwa unga wa miti hufura haraka kwa unyevu wa pwani. Badala yake tukaandika rafu wazi na mashine ya kusagia nazi, na hapo mama akasita.

"Tui la mashine lina ladha ya mashine," akasema.

"Tujaribu kwanza, Mama," mume wangu akamwambia. "Likikushinda, nitakukunia mimi kila Jumamosi."

Mama alicheka kwa sauti. Mume wangu hajawahi kukuna nazi tangu nimjue.

Kazi ya wiki mbili ilikwenda wiki tano. Bomba la zamani lilikutwa limeoza ukutani, na kulibadilisha kulikula nusu ya pesa za vigae. Tulipika uani chini ya turubai, mvua ikatunyeshea mara mbili, na mara moja niliondoka kwenda shule nikinuka moshi mpaka watoto wa darasa la tatu wakaniuliza kama nyumba yetu imeungua. Dari la chumba chetu tuliliweza mwishowe, kwa pesa zile zilizobaki baada ya kuacha graniti. Ukuta mmoja wa jiko haukupata vigae. Tumeupaka rangi ya mafuta, kijani, na ukipigwa na jua la asubuhi naupenda kuliko zile zilizopata.

Sasa mama huingia jikoni baada ya sala ya alfajiri, anavuta kiti chake, anakanda unga wa mahamri kwa mikono yote miwili. Mimi nasimama kwenye sinki, uso kwa uso naye. Zamani nilikuwa nikizungumza na kilemba chake, nikimtazama kutoka juu. Siku hizi ananieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza. Juzi aliniambia kwamba baba, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, alikula wali mbichi siku tatu mfululizo asimwambie neno, mpaka mama mwenyewe alipouonja.

"Na ulipouonja ukafanyaje?"

"Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema aliogopa nitalia." Mama alinyunyiza unga mezani, akachukua donge jingine. "Nikalia kweli. Nipe huo mti wa kusukumia."