Lori Tupu

Wiki iliyopita nilikuwa Mbinga mjini na kapu la maharage, nikapigiwa honi mara nne kabla ya kufika sokoni. Ya nne ilinitupa mtaroni. Kijana wa pikipiki, hana abiria wala mzigo, akanifokea, "Bibi, pita pembeni!" Pembeni wapi? Hebu niambie wewe, maana mimi sikupaona.

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, Bibi yangu alinichukua kila msimu wa usipa tukapanda kutoka Lundo, kando ya ziwa, hadi Umatengo milimani. Tulibeba dagaa hao wa ziwani, wakavu hata wakichakarisha tengani, tukawabadilisha kwa mahindi. Lakini hasa Bibi alikwenda kumwona mama mkubwa, binti yake wa kwanza, aliyeolewa huko. Njia ilikuwa nyembamba, kila nyumba ikifyeka kipande chake, na sheria yake ilikuwa moja: asiye na mzigo humpisha aliyebeba. Hata mwalimu wa misheni alishuka kwenye baiskeli akasimama majanini, sisi tukapita na harufu yetu ya samaki, tukimwamkia.

Kisha huko juu njia ikapanuliwa ili lori la kahawa lipite. Wanaume waliitwa na majembe yao, na hakuna aliyeuliza waendao kwa miguu watapita wapi. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Siku moja tulilisikia likija mbele yetu, mbao zake zikigongana, halina hata gunia moja. Mimi nikarukia majani. Bibi akabaki katikati, tenga kichwani, akingoja kupishwa. Honi ikalia. Alipoona halipunguzi mwendo aliruka, lakini alikuwa amechelewa. Akaangukia mtaroni, nyonga ikavunjika.

Dereva alirudi mbio. "Mama, hukusikia honi?"

"Nimesikia. Lakini wewe huna kitu."

Walimteremsha Lundo kwa machela, na hakupanda Umatengo tena. Mama mkubwa alikuja mara moja tu, mtoto mgongoni, kisha kilima na watoto vikamshinda. Bibi alikufa akimuulizia. Miaka yote hiyo tulimweleza kwamba lori halimpishi mtu, akatutazama kama watu wasiofunzwa adabu.

Nilipokuwa naokota maharage yangu mtaroni, wapita njia wakaniambia nimshukuru Mungu, sijaumia. Nikajisikia nikiwajibu kwa hasira, "Lakini ilikuwa tupu!"

Hakuna hata mmoja aliyenielewa.