Mishale Sita na Mbwa wa Baba Mkubwa

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Kanazi, mwanangu, asubuhi niliyompiga mshale mbwa wa watu. Cheka tu, sikukatazi. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuicheka.

Nilikuwa ndiyo kwanza naota ndevu, na nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo. Shamba lilikuwa la mama. Baba alikuwa ameshafariki, na mihogo ile ndiyo iliyokuwa chakula chetu cha mwaka. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyewaongoza wawindaji wa kijiji. Nilimsumbua anichukue mpaka akachoka akakubali.

Basi nikajitengenezea mishale sita. Ilipendeza, wacha nikuambie. Mkiani mwa kila mmoja nilifunga manyoya matatu: unyoya wa jogoo mwekundu, wa kanga, na wa bata wa jirani niliyemvizia bandani. Nilipoijaribu ilikwenda kombo. Nikaona dawa yake ni kuvuta upinde kwa nguvu zaidi. Ikaenda kombo vilevile, ila kwa kasi.

Siku ya kuwinda, nguruwe akatoka majanini mbele yangu, hatua kama ishirini hivi. Nikavuta mpaka upinde ukalia. Mshale ukaondoka ukitikisa mkia, ukapinda kushoto, ukamchoma Tutaona pajani. Tutaona ndiye mbwa wa baba mkubwa, na alipendwa waziwazi kuliko baadhi yetu wa ukoo. Nguruwe akaenda zake, na jioni ileile akarudi kwenye mihogo ya mama.

Baba mkubwa aliuchomoa mshale, akaliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akambeba mbwa begani mpaka nyumbani. Njia nzima nilimfuata nyuma, mbwa akinitazama. Nilitamani anichape, mwanangu, maana yale macho yaliniuma kuliko fimbo. Kesho yake nikaenda kumwamkia. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba mishale yangu.

Alifumba jicho moja, akautazama kila mshale kwa urefu wake. Akauviringisha juu ya kucha ya kidole gumba, taratibu, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Miwili ilikuwa imepinda. Mmoja ulikuwa mzito kuliko wenzake. Kisha akafika kwenye manyoya, pale nilipotegemea sifa.

"Unyoya wa bawa la kulia umejikunja huku, wa kushoto umejikunja kule," alisema. "Umeyafunga pamoja, kila mmoja unavuta kwake. Sasa mshale ufanyeje?"

"Nilidhani mkono wangu hauna nguvu, baba mkubwa."

"Nguvu unazo. Mbwa wangu anazijua."

Akanifundisha upya. Fito za mishale zikae juu ya jiko mpaka moshi uzikaushe. Uliopinda upashwe kwenye makaa, unyooshwe kwa vidole ungali wa moto. Zote ziwe na urefu mmoja na uzito mmoja, na manyoya yatoke kwenye bawa moja la jogoo mmoja, basi. Nilikuwa nikipiga shina la mgomba nyuma ya nyumba yake. Mshale ukienda kombo, nakaa chini naurekebisha kabla ya kugusa mwingine. Asubuhi na jioni nilimpelekea Tutaona ugali. Alikula mkononi mwangu bila kinyongo, lakini kila nilipoushika upinde aliinuka akachechemea hadi nyuma ya jiko. Baba mkubwa akasema mbwa yule ana akili.

Mchana mmoja mishale yote sita ilikaa kwenye mgomba, mahali pa kufunikwa kwa kiganja. Nikageuka nimtafute wa kumwonyesha. Tutaona alikuwa amelala upande wangu wa kushoto, hatua mbili tu, amefumba macho. Alikuwepo muda wote na hakuondoka. Nilikaa chini nikalia, sioni haya kukuambia. Baba mkubwa alikuwa mlangoni, akasema, "Kesho utakwenda nasi." Nikaenda, nguruwe wakapungua, na mwaka ule mama alivuna mihogo yake.

Siku hizi kuwinda kuna vibali, na mapori yana walinzi wake. Huenda usishike upinde maishani mwako. Lakini utafanya kazi, utaoa au utaolewa, utalea, na siku moja jambo lako litakwenda kombo. Usikimbilie kuvuta kwa nguvu, mwanangu. Kaa chini, fumba jicho moja, ulitazame ulivyolitengeneza, hasa pale unapojisifia. Na ukimuumiza mtu, mwombe radhi, halafu nyoosha mishale yako. Atakuamini kwa wakati wake, usimharakishe.

Mungu akupe mkono uliotulia, na mzee wa kukuambia kweli bila kukuaibisha. Na siku utakapogeuka kutazama kando yako, umkute uliyemuumiza amelala hapo, hana wasiwasi nawe.