Turubai la Fundi Kombo

Hapa Singida mjini, ukitaka kumchekesha dereva wa lori, mtajie Fundi Kombo. Si kwa ubaya. Maturubai yake hakuna asiyeyasifu. Yanafunika vitunguu hadi mpakani na kurudi bila tundu. Kinachochekesha ni mwenyewe. Kombo anaogopa mbwa aliyefungwa mnyororo, anaogopa ngazi za ghorofa, anaogopa mtungi wa gesi, na mkewe Mwantum anasema huamka usiku kwenda kulinusa jiko. Ukimtania anakujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," kisha anaendelea kushona.

Woga huo una chanzo chake. Ujanani alikuwa utingo, na siku moja karibu na Ihanja upepo ulilifumua turubai la lori lao likiwa mwendoni. Mwenzake, Isaka, alipanda juu kulikamata. Turubai likajaa upepo, likamnyanyua, na Kombo aliyeshika kamba upande wa pili akamwona rafiki yake akitupwa kwenye lami. Hakuamka tena. Kombo aliacha magari, akanunua cherehani, akaapa kwamba turubai litakalotoka mkononi mwake halitafunguka wala kuchanika. Pindo analishona mara mbili na kulipitishia kamba ya nailoni ndani. Madereva wanamcheka, lakini kazi wanampelekea yeye.

Agosti mwaka jana, timu ya taifa ilipofika robo fainali, Abdulhamidi mwenye mashine ya kukamua alizeti aliona vibanda umiza vya kuonyeshea mpira havitatosha. Akaamua watu watazame mpira nje, bure, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya soko. Alimfuata Kombo.

"Shikamoo mzee wangu. Nataka skrini nyeupe, pana kuliko ukuta wa nyumba yangu. Isichanike na upepo huu wa kwetu."

"Marahaba. Turubai la kwangu halichaniki."

Aliishona kwa turubai jeupe, kama anavyoshona ya lori. Milingoti ya mikaratusi haikuchimbiwa, maana pale ukichimba kidogo unagonga jiwe. Ilisimamishwa ndani ya mapipa yaliyojazwa mawe na mchanga. Kombo alivuta kila pembe ya turubai, hakuona palipolegea. Akaridhika, jambo la nadra sana kwake.

Jioni ya mechi mji ulihamia pale. Wanawake na watoto walitandikiwa mikeka mbele kabisa, chini ya skrini, ili vijana wa bodaboda wasiwakanyage. Ilikuwa heshima, na Abdulhamidi aliisimamia mwenyewe. Mwantum alikaa karibu na pipa la kulia, amempakata mjukuu wao, mtoto wa binti yao Kauthar. Kila mtu alikuwa na furaha. Hata Kombo alinunua karanga.

Upepo ulikuwa umetulia tangu magharibi. Kipindi cha pili ulirudi, ukitokea nyuma ya skrini. Mwanzoni turubai lilipigapiga, na watu walilalamika kwamba wachezaji wanacheza ngoma. Kombo hakujali. Turubai linalopiga kelele linatema upepo. Kilichomtoa jasho ni pale kelele ilipokoma. Turubai lilikuwa limejaa, limevimba kuelekea kwa watu, limenyamaza.

Alitazama pipa la kulia. Ukingo wake wa nyuma uliinuka kutoka ardhini, upana wa kidole, ukakaa tena.

Hapo alielewa alichokifanya. Turubai la fundi mwingine yeyote lingekuwa limeshachanika, upepo ukapita, watu wakazomea, mambo yakaisha. La kwake halichaniki. Lingeshika upepo hadi liing'oe milingoti, na milingoti ingelala juu ya ile mikeka. Miaka yote hiyo alikuwa ameogopa turubai linalofunguka, hakuwahi hata siku moja kuliogopa lisilofunguka.

Alimkimbilia Abdulhamidi kwenye pikapu yenye projekta. "Lishusheni. Pipa linanyanyuka."

Abdulhamidi alitazama. Pipa lilikuwa limekaa. "Mzee wangu, zimebaki dakika chache. Nikizima sasa hawa watanichoma mimi na gari langu."

Hakusema uongo. Kombo alirudi kwa mkewe, akainama. "Mama Kauthar, inuka. Mchukue mtoto, twende."

"Kuna nini?"

"Mlingoti utaanguka."

Mwantum aliuangalia mlingoti, kisha akamwangalia yeye, na wanawake wa karibu wakaanza kucheka. "Baba Kauthar, juzi ulisema paa la msikiti litaanguka. Kaa utazame mpira."

Pipa likainuka tena, sasa vidole viwili. Kombo alifungua mdomo apige kelele, akaufunga. Kiwanja kilijaa hadi barabarani. Akipiga kelele watu watakimbia, na watakaokanyagwa ni hawa hawa waliokaa chini na watoto. Karanga zilimwagika, akakimbia. Nakwambia hivi kwa sababu waliomwona wanasema alikimbia kwa hofu. Ni kweli alikuwa na hofu. Ila alikimbilia nyuma ya skrini.

Kule nyuma hapakuwa na mtu. Alipanda juu ya mkokoteni uliokuwa umeachwa pale, akatoa kisu chake cha kazi. Mbele yake picha ilionekana kinyume, namba za jezi zimegeuka, na mchezaji wetu mmoja alikuwa anaingia na mpira ndani ya boksi. Watu elfu walianza kunyanyuka kwa sauti moja. Kombo alijua mishono ilipo hata gizani. Aliuchoma wa katikati, akakivuta kisu kwa uzito wake wote, na upepo ukamalizia kuupasua hadi juu. Akahamia wa pili. Alikuwa analia.

Picha ilikatika vipande. Upepo ukapita katikati kwa mluzi, na milingoti ikatulia kama ilivyokuwa imesimama tangu asubuhi.

Hakuna kilichoanguka. Ndilo lililomponza.

Vijana walizunguka nyuma, wakamkuta juu ya mkokoteni na kisu mkononi. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Mmoja alimvuta kanzu, Kombo akaanguka chini, na mwingine akauliza nani ana petroli. Kombo alinyoosha mkono kuonyesha mlingoti, akasema ulikuwa unaanguka. Wote wakageuka kuutazama. Ulikuwa umenyooka.

Mwantum alipenya akiwa na mtoto mgongoni. Aliutupa mtandio wake juu ya kichwa cha mumewe, akasimama mbele yake.

"Mwacheni. Mume wangu ni mgonjwa wa akili. Mnamjua nyote, ana miaka anaogopa vitu visivyokuwapo. Mtampiga mgonjwa?"

Wakasita. Kweli walimjua. Abdulhamidi alifika, akamuunga mkono, na watu wakatawanyika wakitukana, wakikimbilia redio kusikia kama lile lilikuwa goli.

Wawili hao walirudi nyumbani. Kombo alikaa kwenye kigoda uani, na Mwantum akamkanda bega kwa maji ya moto.

"Pindo la mkeka wangu lilikuwa limebanwa chini ya pipa," alisema. "Wakati wanacheka, lilichomoka lenyewe."

Kombo aligeuka. "Uliona?"

"Niliona. Niliogopa, nikashindwa kuinuka."

"Sasa kwa nini umewaambia mimi ni mwendawazimu?"

"Ningewaambia nini, Baba Kauthar? Mlingoti ulikuwa umesimama." Alichovya kitambaa tena kwenye maji. "Na kesho wakikuuliza msikitini, uwaambie hivyo hivyo, kwamba unaumwa."

Kombo aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, akiulizwa, anasema anaumwa.