Watu Walio Ndani ya Hesabu

Mke wangu Gathoni hakumruhusu mtoto yeyote ashike penseli kabla ya kumjua mtu aliye ndani ya hesabu. Ungemletea swali la Kiingereza kirefu, kwamba mkulima fulani amevuna magunia ya viazi, robo yameoza na yaliyobaki amewagawia wanunuzi watatu, naye angekifunika kitabu kwa kiganja na kuuliza, "Nani yuko hapa? Shida yake ni gani? Anataka kujua nini?" Mtoto aliyeshindwa na hayo matatu, hata angekuwa amekariri jedwali lote la kuzidisha, penseli yake ilibaki mezani.

Mimi naitwa Mbuvi, Mkamba, fundi wa mabomba, mzaliwa wa upande ule wa mashariki ya Thika ambako mvua hunyesha ikipenda. Yeye alizaliwa Kalimoni, kwa watu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Tulikutana nikitengeneza paipu katika shule moja ya msingi mjini Thika, alikokuwa akifundisha darasa la sita. Alitoka nje kuniambia kwamba nyundo yangu inawavuruga watoto. Nikamjibu kwamba bila nyundo watoto hawatapata maji ya kunywa. Akaniuliza nitamaliza lini, nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshampenda, nikasema wiki ijayo. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja.

Alipostaafu, binti yetu Becky alikuwa ameshaolewa Eldoret, na sisi wawili tulikuwa na nyumba yetu hapa Gitothua, Ruiru, yenye veranda ya simiti upande wa nyuma. Nilidhani angepumzika. Haukupita muda jirani akamleta mtoto anayelilia homuwaki. Siku hizi shule humtaka mzazi amsaidie mtoto nyumbani, na wazazi wa hapa hutoka alfajiri kwenda Nairobi wakarudi hawana hata nguvu ya kuvua viatu. Mwaka haukuisha kabla sijaombwa kuunda benchi la pili, halafu la tatu. Watoto walimwita Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, na mimi, nipende nisipende, nikawa Guka, babu yao.

Nilikuwa nikiwasikiliza nikinoa vyuma vyangu. Wengi wao hawakushindwa na hesabu, walishindwa na hadithi. Wakiona namba mbili wanazijumlisha na kukimbia. Gathoni aliwaita wezi wa namba. Basi yeye aliwahamishia watu wa kitabu mtaani: mfanyabiashara akawa mwenye duka la kona, treni ikawa treni yetu ya Ruiru, na yule anayenunua matikiti sitini akaulizwa kwanza kama ana sherehe. Watoto wakishamcheka mtu huyo, walimhurumia, na wakishamhurumia waliweza kumsaidia.

Hesabu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya zamani ya tangi. Mfereji mmoja hulijaza kwa saa nne, mwingine hulimaliza maji kwa saa sita, na yote miwili imefunguliwa. Litajaa baada ya muda gani? Iliniudhi kabisa. Katika maisha yangu ya ufundi sijaona mtu mwenye akili akijaza tangi huku maji yanatokea chini.

"Huyo mtu afunge mfereji wa chini," ningesema kutoka kwenye kona yangu, "na hesabu imeisha."

"Guka amejibu swali ambalo hakuulizwa," Gathoni angewaambia watoto. "Mpeni sufuri."

Sufuri hiyo nimepewa mara nyingi, na kwa furaha.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomfanya awe mkali. Kuna vitabu ambavyo mtungaji husahau kitu, akauliza bei ya sukari bila kusema ilinunuliwa kilo ngapi. Watoto huogopa nafasi tupu, kwa hiyo hubahatisha. Gathoni hakuwasamehe. "Swali limepungukiwa," alisema. "Usimtungie mtu jibu. Acha nafasi, endelea na mengine, kisha urudi ulisome tena." Kukosea aliweza kuvumilia, lakini si kubahatisha.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Jioni moja Kavata, msichana wa Gredi ya Sita, binti ya jirani yetu Mwelu, alisoma swali la tangi kwa sauti. Gathoni akasimama, akashuka ngazi, akaenda hadi kwenye mfereji wa uani na kuukaza. Ulikuwa umefungwa. Akaukaza tena kwa mikono miwili. Watoto wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana alikuwa mtu wa michezo. Akarudi, akaketi, akasema, "Sasa tunaweza kuendelea." Nilikuwa bado nacheka nilipouona uso wake, na hakuwa akicheza.

Baada ya hapo watu wa hesabu walianza kuingia kwetu. Tukiwa tunakula, angeweka kijiko chini na kuniuliza kama yule mama mwenye watoto watano na lita mbili za maziwa alipata mengine. Mwanzoni nilimwambia hakuna mama kama huyo, naye akaniona mtu katili. Baadaye nikasema alipata. Nikawa mwongo hodari kuhusu watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, ili mke wangu aweze kumaliza chakula.

Nilimpeleka hospitali Thika. Daktari, msichana mpole, alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa kusahau, kwamba utakwenda mbele tu, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Kisha akasema, "Mzee, kama kuna kitu anapenda kufanya, msimkataze." Maneno hayo niliyashika kwa mikono yote. Niliamini kwamba watoto wakiendelea kuja verandani, Gathoni naye ataendelea kuwepo. Nikaapa kwamba benchi hazitatoka pale.

Watoto walijua kabla yangu, na hawakumwambia mtu. Gathoni akikwama katikati ya swali, Kavata angeuliza kwa sauti ndogo, "Shosho, ni nani ako hapa?" naye angeshika uzi na kuendelea. Siku zingine hakuushika. Hapo walifanya hesabu wenyewe, wakampelekea asahihishe, naye akaweka alama ya vema kwa kila kitu, kilicho sawa na kisicho sawa. Kutoka shuleni vema hizo zikarudi zimepigwa mkasi mwekundu, alama ya kosa.

Wa kwanza kuja langoni alikuwa Waweru, babake Maina, mmoja wa watoto wa benchi.

"Mzee, usinichukulie vibaya," akasema. "Lakini huyu mama anawekea kijana tick kwa kitu haiko."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. "Na wewe kugawanya ulifundishwa na nani?" nikamuuliza. Nilisema kwa kumtusi tu, sikutarajia jibu.

Akainamisha kichwa. "Ni yeye. Thika, darasa la sita." Akamshika Maina mkono, akasema, "Ndio maana siwezi kumwona hivi, mzee. Ningekuwa simjui, pengine ningeacha kijana akuje tu."

Aliondoka na Maina, na Maina akageuka mara moja kuangalia veranda. Nilibaki nimeshika lango na hasira yote imenitoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, mwenye kisa na asiye na kisa, hadi akabaki Kavata peke yake kwenye benchi tatu.

Kisha Mwelu naye akaja. Alikataa chai, na Mkamba mwenzako akikataa chai yako unajua amebeba nini.

"Baba Becky, niko na neno nzito," akasema. "Jana Kavata amerudi akilia. Shosho amemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akamwambia ni wa Mwelu, huyu jirani. Shosho akasema hajui mtu kama huyo, na aende kwao. Huyu ni mtoto. Hiyo kitu hawezi beba."

Mimi mwenyewe, na umri huu wote, nilikuwa nashindwa kuibeba.

Kavata alikuja kuaga na hesabu moja, akaomba isahihishwe. Gathoni akaweka vema kubwa na kumwambia neno alilowaambia watoto wote kila jioni, "Haya, nenda mapema, mama asije akakutafuta." Mtoto akasema asante, Shosho. Alifika langoni akaanza kukimbia.

Siku iliyofuata, saa ya masomo ilipofika, Gathoni alijifunga leso, akashika chaki, akaketi kando ya ubao, mbele ya benchi tupu.

"Wamechelewa," akasema.

Nikamwambia shule zimefungwa. Akanitazama kwa woga ambao sikuwahi kuuona kwake, akauliza, "Basi mimi nafanya nini hapa?" Akaenda langoni, akarudi, akaenda tena, akichungulia barabara na chaki mkononi. Nikaingia ndani, nikanawa uso, nikachukua kitabu kimoja, nikatoka na kuketi kwenye benchi la mbele. Nililiunda kwa kipimo cha watoto, kwa hiyo magoti yalinifika kifuani.

Akarudi, akaniona, na ule woga ukaondoka.

"Umechelewa."

"Nisamehe, mwalimu."

"Unaitwa nani?"

"Mbuvi," nikasema, nikangoja. Jina hilo amelitamka kwa mapenzi, amelitamka kwa hasira, amelitamka labor wodi akimsukuma Becky duniani.

"Jina zuri," akasema. "Keti vizuri, Mbuvi. Soma."

Nilifungua kitabu lakini macho hayakuona kitu. Nikasema yaliyokuja. "Kuna mzee mmoja wa Gitothua. Alikuwa na mke. Nyumba ni ile ile, vikombe ni vile vile, lakini kila siku mke anapungua kidogo."

Akaweka kiganja juu ya kitabu. "Nani yuko hapa?"

"Mzee."

"Shida yake ni gani?"

"Anamtafuta mkewe."

"Na anataka kujua nini?"

"Kama atamwona tena."

Akafikiri. Alifikiri kwa kweli, ameweka kidole mdomoni kama zamani, na kwa muda huo mfupi alikuwa Gathoni wangu mzima, aliyetoka darasani kuigombeza nyundo. Nilitaka muda huo usimame.

"Wameandika mke alienda wapi?" akauliza.

"Hawakuandika."

"Wameandika amebaki kiasi gani?"

"Hapana, mwalimu."

Akatikisa kichwa, amewakasirikia watungaji. "Swali limepungukiwa. Usimtungie huyo mzee jibu. Acha nafasi, endelea na mengine, kisha urudi ulisome tena." Ndipo akaona machozi yangu. Akayapangusa kwa pindo la leso, kwa upole aliokuwa nao kwa watoto wanaojaribu. "Usilie. Si wewe uliyekosea. Haya, nenda mapema, mama asije akakutafuta."

Mama yangu tulimzika zamani, na Gathoni ndiye aliyenishika mkono kaburini. Lakini mwalimu amesema nenda, na ningebaki ningemvuruga. Nikabeba kitabu, nikatoka langoni, nikasimama nje kando ya ukuta. Nilimsikia akifuta ubao na kupanga benchi. Vijana wa boda wakanisalimia, "Niaje, Guka," nikawaambia poa. Kelele za benchi zilipoisha nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikawasha gesi na kuteka maji ya chai.

Alikuja akaketi kwenye kiti chake. Hakuniuliza mimi ni nani, na kikombe akakipokea.

"Nimepata mwanafunzi mpya," akasema. "Ni mzito kidogo, lakini anasikia."

"Atakuja kesho?"

"Sijui. Alikuwa analia. Nadhani kwao hakuna mtu wa kumsaidia." Akapuliza chai yake. "Asipokuja, utoke ukamtafute. Mtoto kama huyo si wa kuachwa peke yake."

Nikamwambia atakuja.