Dume wa Kaka Sabiri

Kaka yangu Sabiri, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli hapa Tabora, lakini wengi walimjua kwa bata mzinga wake. Mwaka jana alikuwa na majike wachache na dume mmoja aliyekuja naye kwa treni kutoka Tura. Akikasirika, kichwa chake chekundu kiligeuka buluu. Huyo hakuwa wa kuuzwa. Bila dume, mayai hayaanguliwi.

Novemba, jirani yetu Mmarekani, mwalimu Ellen, alinunua jike kwa ajili ya sikukuu yao ya kushukuru, akaalika mtaa mzima. Alituambia ndege hawa asili yao ni Amerika, na mahindi, maboga, karanga na viazi vitamu pia.

"Sasa wazee wetu walikuwa wanakula nini?" kaka akauliza.

"Mtama," nikamjibu.

"Kumbe nafuga mgeni wa watu."

Alhamisi asubuhi kaka alikwenda na kisu kwa Josepha, mpishi wa Ellen. Mtaani kwetu nyama ya karamu huchinjwa na Mwislamu, ili Wakristo na Waislamu wale wote. Akamkuta ameshanyonyoa.

"Nimechinja mwenyewe, kaka Sabiri. Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Umenipunguzia na chakula, dada."

Josepha akainamisha kichwa. "Nitawapikia wali na mchicha."

"Watu wamealikwa bata mzinga. Wasije wakatazamana."

Majike waliobaki walikuwa wanaatamia. Kaka aliingia bandani, akamshika dume, akamlaza kuelekea kibla, akasoma Bismillahi.

Jike aliokwa mzima, kashindiliwa mkate tumboni. Dume hakuenea kwenye oveni. Nilimpika mchuzi kwa sufuria yetu. Tulikaa pamoja, kila nyama na sinia lake, viazi vitamu tukachangia. Ellen akaomba kila mtu aseme anachomshukuru Mungu.

"Tumekula wote," kaka akasema. "Na kesho nitalala bila kelele."

Mayai yaliyoatamiwa yalitoa vifaranga, lakini ugonjwa wa kideri ukawamaliza. Mwezi wa tatu kaka naye akaugua, akafariki bila kupata dume mwingine. Majike wakaendelea kutaga mayai ya kula tu.

Siku ya khitma yake Josepha alikuja na tenga kichwani. Najiat, binti wa marehemu, akampokea, akaniita nichukue kisu.

"Kiache, mwanangu," Josepha akasema. "Huyu si wa kuchinja. Nimemfuata Tura."

Nikamfungulia banda.