Posa Aliyoipeleka Mama Mkwe Wangu

Baba yangu alikuwa na ng'ombe watatu, na nyumba yetu ya Machame ilikuwa na nafasi ya wawili. Wa tatu, jike jekundu lenye baka jeupe begani, alimweka kwa mjane mmoja aliyekaa chini yetu, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kwetu mlimani. Ng'ombe wetu hawakwenda malishoni. Walifungwa ndani, wakaletewa majani na vipande vya migomba. Aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko nafasi yake alimpa mwenzake amlelee mmoja. Mlezi alipata maziwa, na samadi ya kutia kwenye migomba na kahawa. Mwenye ng'ombe alipata ndama. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kuaminiana, na sharti moja la adabu ambalo kila mtu alilijua bila kufundishwa: mwenye ng'ombe haendi kumtazama mara kwa mara. Kwenda mara kwa mara ni kumwambia mlezi kwamba unamdhania mwizi.

Sharti hilo nililijua vizuri. Nililivunja nikiwa na miaka ishirini na moja, kwa sababu mjane yule alikuwa na binti.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita ya pili. Baba alinituma nipeleke magadi ya ng'ombe, na nilipofika uani kwa mjane nikaona mzigo wa majani unatembea kwa miguu miwili. Mzigo ukasema, "Pisha, kaka, mlango si wako."

Nikapisha. Alipoutua mzigo nikaona uso uliojaa vumbi na vipande vya majani, nao unacheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba ng'ombe ni mzima. Baada ya siku nne nilirudi tena kuhakikisha.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Sikuweza kwenda kwa watu bila kazi, kwa hiyo nilijitungia kazi. Nilichukua kamba, nikaipiga fundo kila baada ya upana wa vidole vinne, nikawa nampima ng'ombe tumbo kila nilipokwenda. Binti alishika pembe, mimi nikazungusha kamba.

"Leo mafundo mangapi?" aliniuliza.

"Ishirini na manne na nusu."

"Juzi yalikuwa ishirini na manne."

"Ndiyo. Ameongezeka."

"Au wewe umepungua nguvu za kuvuta."

Miezi mingi baadaye alikiri kwamba siku aliponitazamia alimnywesha ng'ombe maji ya magadi mpaka tumbo likajaa kama ngoma, ili nisirudi nyumbani bila habari. Mimi nilikuwa nimeyaandika mafundo yale yote katika daftari, nikiamini kwamba nimegundua jambo kuhusu majani ya masika.

Asubuhi moja baba alikuwa uani akigeuza kahawa juani, nami nikimsaidia, tukamwona mjane anapanda njia akimvuta ng'ombe wetu kwa kamba. Jasho lilikuwa linamtiririka. Hakusubiri kukaribishwa.

"Nimekurudishia ng'ombe wako, baba," alisema. "Miaka mitatu nimemlea. Sijakuibia hata kwato. Lakini kijana wako huyu anakuja kumpima kama fundi anayempima maiti ili amchongee sanduku. Kama huniamini, ungeniambia kwa kinywa chako."

Baba aliacha kahawa. "Kumpima? Nani amemtuma?"

Wote wawili walinitazama. Ng'ombe naye alinitazama. Nilikuwa na maneno mengi siku zote, lakini asubuhi ile nilipata sentensi moja tu: "Sikwenda kwa ajili ya ng'ombe."

Mjane akashika kiuno. "Na hukusema! Nimepanda mlima huu wote na mnyama huyu, ananikanyaga miguu, kwa ajili ya haya zako?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini juu ya kahawa. "Mrudishe," aliniambia alipopata pumzi. "Mrudishe mwenyewe, mchana huu huu, watu wakuone."

Nilimshusha ng'ombe yule, na kila kihamba nilichopita, yaani kila shamba la migomba lenye nyumba ya watu, mtu alitoka kuuliza. Kufika chini habari ilikuwa imenitangulia. Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Karibu, bwana mpimaji," alisema. "Leo unampima nani?"

Baba alipeleka mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi, mara mbili, na mara ya pili ilinywewa, ndiyo kusema tumekubaliwa. Harusi ilipangwa ifanyike baada ya mavuno ya kahawa. Sijui kama nimewahi kufanya kazi kwa furaha kama miezi ile. Nilimbebea majani kutoka bondeni, kazi ambayo mwanamume hakuifanya, na vijana wenzangu walinipigia vigelegele vya kike njiani. Nilivipokea kama sifa. Nilikuwa nimesoma madarasa mawili tu; yeye alikuwa amesoma manne, na tulipokaa kupumzika alinifundisha kusoma kwa haraka, akinipiga kwa unyasi kila nilipotamka silabi moja moja. Nilikosea kwa makusudi mara nyingi. Sidhani kwamba hakujua.

Mwezi mmoja kabla ya harusi alishikwa na homa ya tumbo. Siku ya tisa alifariki. Alizikwa katika migomba ya mama yake, na mimi, ambaye nilikuwa bado si mume, sikuwa na mahali pa kusimama katika mila. Nilisimama njiani pamoja na wapita njia.

Sitaandika mengi juu ya mwaka uliofuata, kwa sababu sikumbuki mengi. Niliteremka Moshi mjini, nikapata kazi ya kushona midomo ya magunia ya kahawa, nikapanga chumba kwa fundi cherehani Mwislamu, ambaye baba yake alikuwa Mmanyema na mama yake mtu wa Pangani. Nilitoka kazini, nikala, nikasoma. Nilisoma chochote: gazeti lililofungiwa sukari, maelezo ya dawa, na mwisho kamusi ya zamani niliyoinunua sokoni ikiwa haina jalada. Niliisoma kutoka A, ukurasa kwa ukurasa. Nilijiambia kwamba ni elimu. Ilikuwa namna ya kutokuzungumza na mtu.

Mwenye nyumba alinivumilia mpaka herufi ya K. Ilikuwa sikukuu ya Idi, naye akaja mlangoni kwangu na sahani ya pilau.

"Kijana," alisema, "kitabu hicho hakina hadithi, hakina dua, hakina hata kichekesho. Toka nje ule na watu."

Nilitoka. Watoto wake wakanifanya mwalimu wa hesabu siku ile ile, na tangu hapo chumba changu hakikuwa kimya tena.

Kila nilipopanda Machame nilianzia kwa mjane. Tulikuwa hatuna la kusema hapo mwanzo, kwa hiyo tulifanya kazi: nilikatakata mgomba, yeye akakamua. Aliniita mkwe. Watu walimkataza, wakisema neno hilo halina mtu wa kulibeba, naye aliendelea. Mwaka wa tatu tulianza kumtaja marehemu bila kulia. Mwaka wa nne tulianza kumcheka, yeye na maji yake ya magadi. Nadhani hapo ndipo nilipopona, ingawa sikujua.

Nilijua mwaka wa sita, sokoni Moshi, mbele ya mwanamke aliyeuza maharage. Alitoka Marangu, alikuwa na miaka ishirini na saba, na watu wa kwao walikuwa wamekwisha kuacha kumwuliza ataolewa lini. Niliuliza maharage yale yalivunwa wapi, yalikaushwa siku ngapi, na kwa nini mekundu yalikuwa madogo kuliko ya wiki iliyopita.

"Kaka," alisema, "unanunua au umetumwa na serikali?"

Nilinunua. Nilinunua kila wiki, mpaka mwenye nyumba akauliza kama nimefungua kambi ya jeshi chumbani. Na siku moja, baada ya miezi mitano, nilimwambia yule mwanamke yote: nia yangu, na pia habari ya binti wa mjane, kwa sababu sikutaka aisikie kwa mwingine.

Alifunga gunia lake polepole. "Nakupenda, sikufichi," alisema. "Lakini siwezi kushindana na marehemu. Marehemu hakosei, haunguzi ugali, hazeeki. Na kule kwenu kuna mama anayekuita mkwe. Nikija, nitakuwa nimekalia kiti cha mwanawe. Mama huyo aje aniambie kwa kinywa chake kwamba ameridhika. Asipokuja, tubaki na maharage."

Nilipanda Machame nikiwa na mzigo mzito kuliko gunia lolote. Ningewezaje kumwomba mama aliyezika bintiye aende kuniposea mwanamke mwingine? Nilikaa kwake tangu asubuhi hadi saa nane, nikakata migomba ya kutosha ng'ombe kumi.

"Umekuja na jambo," mjane alisema, "na safari hii si ng'ombe."

Nikamwambia. Aliendelea kupepeta ulezi wa mbege yake, kisha akaweka ungo chini.

"Mtoto wangu aliyekufa ni mmoja," alisema. "Miaka sita nimekuwa nikiogopa kwamba nimezika wawili. Tunakwenda lini?"

Baba ndiye aliyepinga. "Mama mkwe kumposea mkwewe? Haijapata kutokea!"

"Nami sikupata kuzika mtoto mpaka nilipozika," mjane alimjibu. "Yanatokea. Wewe beba mtungi."

Tulikwenda kwa lori hadi Himo, kisha lori jingine hadi Marangu, mjane akiukumbatia mtungi wa mbege kama mtoto mchanga. Kwa mila yetu mwenye kuposa haruhusiwi kusema. Nilikaa karibu na mlango, nikayatazama magoti yangu. Baba wa mwanamke, mzee mkavu mwenye koti la jeshi la zamani, alisikiliza salamu zote kisha akamtazama mjane.

"Huyu mama ni nani kwa kijana?"

"Mimi ni mama mkwe wake."

"Basi ana mke!"

"Alikuwa mchumba. Binti yangu. Amelala katika migomba yangu."

Nilisikia ng'ombe wakitafuna upande wa pili wa nyumba. Mzee aliurudisha mkono ambao alikuwa ameunyoosha kwenye kibuyu cha mbege yetu.

"Mama," alisema kwa upole, "umekuja kuposa au kulia?"

"Kulia nimemaliza, baba. Nilianza mapema. Nisikilize. Wazazi wa kijana watamsifu. Mzazi gani hamsifu wake? Mimi si mzazi wake. Sipati faida kwake, wala hanidai wala simdai. Nimemwona akiwa na furaha, na nimemwona akiwa amefiwa. Hakulewa, hakutukana mtu, hakuacha kuja kwangu hata alipokuwa hana la kusema. Ana dosari moja tu."

"Ipi?"

"Anauliza maswali mno."

"Na majibu hayamtoshi, baba!" ilisema sauti kutoka upande wa ng'ombe. "Namjua!"

Baba yangu ndiye aliyeanza kucheka. Yule mwanamke akatoka, na nyasi kwenye nywele, akapita mbele ya wanaume wote bila kututazama, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mjane alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu asomaye barua. "Nimeridhika," alisema. "Wewe je? Ana vitabu vingi, nakuonya."

"Nimeridhika, mama."

Mzee alikichukua kibuyu. Alikunywa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti, akasema mbege ya Machame ni nyepesi kidogo lakini inanyweka, akampa baba yangu.

Tulipotoka lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Tuliteremka kwa miguu hadi Himo, mwendo mrefu, jua likiwa bado juu ya kahawa. Baba na mjane walitangulia wakibishana kwa sauti ni nani aliyesema vizuri zaidi, na ubishi huo haukuisha tulipofika Himo wala tulipofika Moshi. Mimi nilitembea nyuma yao. Nilikuwa nimeruhusiwa kusema tena, lakini sikuwa na swali.